Ndege ni wa umma, nyasi ni za nani?

Mwezi Septemba mwaka jana nililala kwa mjomba wangu, kijijini, kusini mwa jiji la Mwanza. Alfajiri niliamshwa na kwale. Walikuwa wakijibizana ndani ya ngitili yake, yale malisho anayoyafunga ng'ombe wasiingie, mmoja huku kwenye mawe, mwingine kule kwenye migunga, kwa zile sauti za kukwaruza ambazo aliyekulia Usukumani hazisahau hata akiishi mjini miaka thelathini. Jua lilipochomoza, pikapu ikasimama kwenye njia ya ng'ombe. Wakashuka wanaume watatu na bunduki mbili za marisau.

Mjomba aliwaendea akiwa na fimbo yake ya kuchungia.

"Mwangaluka, wanangu."

"Shikamoo, mzee. Tumefuata kanga. Kibali tunacho."

Mjomba alinipa karatasi niisome, kwa kuwa miwani yake ilikuwa ndani. Iliandikwa aina ya ndege, idadi, tarehe na wilaya. Jina la kijiji halikuwamo. Nikamwambia mjomba kwamba kwa macho yangu karatasi ni halali.

"Ndege si wa mtu, mzee," mkubwa wao akasema, kwa upole, bila kiburi. "Ni wa Serikali."

"Ndege sawa," mjomba akajibu. "Na haya majani?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, nami nikiwamo. Waliua kanga kumi na mmoja, wakamwachia mmoja kwa shukrani, naye akampokea kwa sababu zawadi ya mgeni haikataliwi. Swali lake nimetembea nalo mwaka mzima. Kila nikiligeuza naona ndilo swali ambalo utaratibu wetu wa uwindaji wa ndege haujawahi kujiuliza.

Tuanze na ndege. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, na Rais amekabidhiwa mali hiyo kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ndege wamo. Unyoya wa kanga na yai la kwale, kwa tafsiri ya sheria, vinahesabika katika nyara. Bila leseni huruhusiwi kuwinda, uwe umesimama porini au kwenye shamba ulilorithi kwa baba yako. Kwa hiyo yule bwana hakukosea. Kanga aliyekuwa akichakura chini ya mgunga wa mjomba hakuwa wa mjomba.

Ardhi nayo ina habari yake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zinasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na mdhamini ni yuleyule mmoja. Imegawanywa katika ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Mjomba wangu ana haki ya kimila juu ya eka zake ndani ya ardhi ya kijiji, haki ambayo sheria inaitambua hata kama hajachukua hati, lakini hakuna mahali anapoitwa mmiliki kwa ile maana ambayo mkulima wa Marekani au Uingereza huitwa mmiliki. Ndiyo maana ule ubishi wa wenzetu wa ng'ambo, wa kuwinda ndege kwenye ardhi ya umma au ardhi binafsi, ukiletwa huku hubadilika sura. Kwa karatasi, asubuhi ile kila kitu kilikuwa cha umma: ndege, udongo, hata njia iliyopitwa na pikapu. Lakini zile nyasi zilikuwepo kwa sababu mtu mmoja aliamua, miezi tisa nyuma, kwamba ng'ombe wake hawatakanyaga pale.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kwa asiyetoka kwetu, ngitili ni kipande cha ardhi ambacho Msukuma hukifunga mvua zinapoanza ili majani yakue, kisha hukifungua kiangazi kikiwa kimekaza, malisho mengine yakishakwisha, ili ndama na maksai wa kulimia wapate cha kula. Nyingine ni za familia, nyingine za kijiji kizima. Za familia ni nyingi zaidi kwa idadi na nyingi ni ndogo, eka chache tu nyuma ya boma. Za kijiji ni chache, na mara nyingi ndizo kubwa. Hakuna ukuta wala waya. Kuna mpaka unaojulikana, na kuna aibu ya kuonekana ng'ombe wako wamo kabla ya siku yake.

Desturi hii iliwahi kukaribia kufa. Tangu enzi ya mkoloni vichaka vya Usukuma vilifyekwa kwa maelfu ya eka kuwafukuza mbung'o. Pamba ikala ardhi, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na vipande walivyovitunza. Mwaka 1986 Serikali ilipoanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili zilizohesabiwa katika Shinyanga ya wakati ule, ambayo ilikuwa kubwa kuliko mkoa wa leo, zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sijui mpango mwingine wa mazingira katika kanda hii uliopata mavuno kama hayo, na sababu yake naiona moja kubwa. HASHI haikuja na wazo la kigeni. Iliwarudishia watu wazo lao wenyewe, ikakubali kwamba dagashida, lile baraza la wazee na wananchi, litunge masharti, na sungusungu wayasimamie. Aliyelisha kwa wizi alitozwa faini na jirani zake.

Na ndege walirudi. Waliokwenda kutafiti ngitili hizo walihesabu zaidi ya aina mia moja za ndege ndani yake. Hakuna aliyekuwa amewaleta ndege hao pale. Watu walikuwa wakitafuta majani ya ng'ombe na kuni za kupikia.

Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Tumezoea kuitumia methali hiyo kwa watu, kwa binti aliyeolewa mbali au kijana aliyehamia mjini, lakini aliyeitunga kwanza alimtazama kanga mwenyewe. Kanga hutaga chini. Kiangazi utawaona kwa makundi makubwa, wanakwenda kunywa maji mmoja nyuma ya mwingine kama wanafunzi, na jioni wanarukia matawini kulala. Mvua zikianza makundi yale huvunjika, kila jozi ikatafuta nyasi ndefu, jike likachimba kidogo kwa kifua na kuweka mayai sita, kumi, wakati mwingine zaidi ya kumi na mawili, akayaatamia kwa karibu wiki nne. Wiki nne hizo zinaangukia wakati uleule ambao nyasi zote nje ya ngitili zinakatwa na meno ya ng'ombe zikiwa changa. Kifaranga akianguliwa hutaka wadudu, na wadudu hawapo kwenye shamba la pamba lililopigwa dawa jana. Kwale, ambaye wengine humwita kware ingawa siku hizi jina hilo limehamia kwa wale wadogo wa kufugwa kwa mayai, anaweza kuvumilia zaidi; atajibanza kwenye pembe ya shamba, kwenye vichaka vinavyozunguka mawe yetu makubwa ya Mwanza. Lakini naye anahitaji pembe hiyo iachwe.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama kijiji kina kanga, usianze kuhesabu bunduki. Uliza nani hakulisha ng'ombe wake wapi kati ya Desemba na Juni.

Kutolisha huko kuna gharama. Mjomba ana eka kama tano zilizofungwa. Sehemu ya juu ni luseni, udongo wa kichanga. Ya chini inaingia kwenye mbuga nyeusi ambayo ingezaa mpunga vizuri. Kila mwaka miezi ile ya mvua kijana wake anawaswaga ng'ombe mbali, akipita kando ya majani mazuri kuliko yote kijijini bila kuwaruhusu wayaguse. Nilipokuwa mtoto nilichunga ndama pale, na nakumbuka fimbo niliyochapwa nilipolala usingizi wakaingia. Mwindaji anayeshuka na kibali anavuna tunda la uvumilivu huo. Ada yake ameilipa mjini. Hakuna hata shilingi inayopita kwenye boma lililofunga majani.

Kuna ardhi ya umma ambayo sitaki mtu aiguse, na niseme hivyo mapema nisieleweke vibaya. Ukisimama kwenye mwambao wa Capri Point unakiona kisiwa cha Saanane. Kilikuwa makazi ya mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, hadi Serikali ilipokichukua mwaka 1964 kuwa bustani ya wanyama. Tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Mbali zaidi kuna Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Mahali kama hapo bunduki haina kazi, na iendelee hivyo. Lakini kanga na kwale wengi wa kanda hii hawaishi kisiwani. Wanaishi Kwimba, Misungwi, Magu, Sengerema, katikati ya watu, kwenye eka ambazo hazina askari wala bango.

Kwenye eka hizo, neno "umma" limekuwa na tafsiri tunayoijua sana sisi watu wa ziwa. Ziwa ni la wote. Nimelisikia neno hilo tangu nikiwa mdogo kwenye mialo, na lilikuwa na utamu wake, kwa sababu liliwapa watu maskini mahali pa kuanzia maisha. Kisha likaja kokoro, ule wavu wa kukokotwa, zikaja nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, wakavuliwa sangara ambao hawajazaa hata mara moja. Doria zilikuja na kuondoka. Nyavu zilichomwa hadharani na zingine zikanunuliwa wiki hiyohiyo. Palipopatikana nafuu, kwa jinsi nilivyoona mimi, ni kwenye mialo ambayo BMU yake, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, ilipewa madaraka kweli, wavuvi wenyewe wakajua nani kaingia na nyavu gani na wakaweza kumzuia. Samaki hakuacha kuwa wa umma. Kilichobadilika ni kwamba pale mwaloni palikuwa na mtu wa kusema hapana.

Sasa tazama ndege. Kibali cha wilaya kinasema, kwa maana yake ya ndani, kwamba nchi yote kati ya kijiji na kijiji ni kama maji ya ziwa. Unaingia popote. Mwenye kujua ni kundi gani limebakiwa na kanga wachache, ni wapi wametaga mapema mwaka huu, huyo hana sauti. Ardhi ya namna hiyo kwetu ina jina. Inaitwa shamba la bibi.

Na mahali ambapo hakuna wa kuuliza, huja mabaya kuliko bunduki. Bunyala, upande wa Kenya wa ziwa hilihili, wategaji kwenye mashamba ya mpunga walitumia kabofurani, dawa ya kuulia wadudu, kuua ndege wa kuwauzia watu kama kitoweo. Dawa hiyo inamuua tai anayekula mzoga, na nyama hiyo imepita kwenye meza za watu. Siamini kwamba mtu anaweza kumwaga sumu namna hiyo, siku baada ya siku, kwenye majani ambayo jirani yake anayahesabu kuwa yake.

Wapo watakaoniambia: basi ndege wawe wa mwenye ardhi, tumalize. Nchi zilizofanya hivyo au karibu na hivyo zipo, na hazinivutii. Uingereza haki ya kuwinda hufuatana na ardhi, na ardhi ina wachache. Kila mwaka mashamba makubwa huachia mamilioni ya fezanti, ndege wa jamii ya kwale, waliofugwa kwenye vibanda ili wapigwe risasi na watu waliolipia siku hiyo. Huo kwangu ni ufugaji wa kuku wenye kelele nyingi. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1991 ilimpa mwenye ardhi iliyozungushiwa uzio wa kutosha umiliki wa mnyama aliyemo, hata mnyama huyo akitoroka. Kwa swala inaeleweka. Kanga utamzungushia uzio gani? Asubuhi anakula kwa mjomba wangu, mchana ananywa kwenye lambo la kijiji, jioni analala kwenye mkuyu wa mjane wa jirani. Ukisema ni wa mmoja wao umewanyang'anya wawili.

Marekani ndiko kuliko na jambo la kujifunza, ingawa si lile ambalo watu hudhani. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya mtu wa Connecticut aliyeshtakiwa kwa sababu ya ndege wa kuwindwa, wakiwamo kware, waliokusudiwa kusafirishwa nje ya jimbo. Mahakama ikasema mnyama wa porini ni wa wananchi wa jimbo kwa pamoja. Hoja ya umiliki katika hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 1979, lakini wazo la kwamba jimbo linawashikilia wanyamapori kwa niaba ya watu limebaki kuwa mhimili wa uwindaji wao. Hapo tunafanana. Tofauti ni kwamba ardhi kule kweli ina wenyewe. Katika jimbo kama Texas zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni ya watu binafsi. Ndege wa umma, geti la mtu. Anayetaka kuwinda hana budi ama kwenda kwenye misitu na nyika za Serikali, ambazo nyingi ziko magharibi, ama kubisha hodi.

Wao wenyewe wanabishana sana kuhusu hilo, na malalamiko yao ni ya kweli: geti likishakuwa na bei, kijana asiye na fedha hubaki barabarani. Lakini wamefanya kitu ambacho sisi hatujafanya. Mwaka 1985 serikali yao kuu ilianza mpango wa kuwalipa wakulima waache sehemu ya ardhi yao chini ya nyasi badala ya kuilima. Shabaha ya kwanza ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Matokeo yake huko South Dakota yalikuwa kujaa kwa fezanti, ndege ambaye asili yake ni Asia na aliyefika Marekani miaka ya 1880. Kufikia 2007 eka zilizokuwa kwenye mpango huo nchi nzima zilizidi milioni 36. Kisha bei ya mahindi ikapanda, mikataba ikaisha, wakulima wakarudisha majembe, na baada ya miaka kama tisa zilibaki eka karibu milioni 24. Fezanti wa South Dakota wakapungua vibaya. Bunduki hazikuwa zimeongezeka. Nyasi ndizo zilizokuwa zimepungua.

La pili walilofanya ni kukodi geti. Montana ina mpango wa namna hiyo tangu miaka ya 1980, Kansas tangu miaka ya 1990: idara ya wanyamapori ya jimbo inamlipa mkulima ili mwindaji yeyote mwenye leseni aingie kwa miguu bila kumlipa mkulima chochote. Fedha hutoka kwenye leseni za wawindaji na kwenye kodi ya bunduki na risasi iliyoelekezwa kwa wanyamapori kwa sheria ya mwaka 1937. Kwa bunduki ndefu na risasi ni asilimia 11. Sitaki tuige viwango vyao wala sera yao ya silaha. Ninachokiona ni kwamba Serikali ya kule, pamoja na kudai kwamba ndege ni wa umma, haikumwambia mwenye nyasi anyamaze. Ilikwenda mlangoni kwake na hundi.

Sisi tuna faida moja wasiyo nayo. Kwetu ardhi haijawa ya wachache. Iko chini ya kijiji, na kijiji kina mkutano mkuu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaruhusu kijiji kujitungia sheria ndogo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kubaki na mapato yake. Fikiria hilo vizuri. Mtu akikata gogo kwenye msitu wa kijiji, kijiji kinalipwa. Mtu akipiga kanga kumi na mmoja chini ya gogo hilohilo, kijiji hakina habari. Mti ulisimama pale kwa sababu ulitunzwa. Na kanga je?

Nitaambiwa tayari kuna Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, zile zilizotokana na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998. Zipo, na upande wa Serengeti tunazo Ikona na Makao, ambako vijiji viliungana vikatenga ardhi na kupata mgawo wa mapato ya utalii. Nazikubali. Lakini zilibuniwa kwa ajili ya nchi pana na wanyama wakubwa: mipango ya matumizi bora ya ardhi, mikataba na wawekezaji, mgawanyo wa asilimia kati ya ngazi na ngazi. Eka tano za mjomba wangu haziwezi kuwa jumuiya. Kanga ni mnyama wa eka tano. Tukisubiri kila kijiji cha Kwimba kipate hadhi hiyo, kiangazi kitawakuta wameshalima.

Ninachokitaka ni kidogo na kinaweza kuanzia chini. Kibali cha kuwinda ndege kitaje kijiji, kisitaje wilaya peke yake. Mwindaji afike kwanza kwa mtendaji wa kijiji, aandikwe kwenye daftari, aonyeshwe ngitili zilizo wazi kwa uwindaji mwaka huo. Alipe kiingilio pale pale, sehemu kubwa iende kwa familia iliyofunga majani, au kwenye mfuko wa kijiji kama ngitili ni ya wote. Ndege abaki wa umma. Anayelipiwa ni yule aliyemwekea mahali pa kutagia. Na mwenye ngitili awe na haki ya kusema mwaka huu hapana, bila kudaiwa sababu. Hili la mwisho naliona kubwa kuliko fedha. Mwaka wa ukame mkali, kundi lililobaki na ndege ishirini ndilo mbegu ya miaka mitatu ijayo, na anayeliona kila jioni likirukia mtini ni mtu mmoja tu duniani.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya watoto wa kuchunga. Wana manati, wana vitanzi vya nyuzi za katani, na kwale mmoja kwa juma ndiyo nyama waliyoipata. Kwa sheria ilivyo, wanawinda bila leseni. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tukiweka kiingilio na daftari, wazee wa kijiji wanaweza kuanza kuwaona watoto hao kama wezi wa mapato, na tukawa tumemfungulia mlango mtu wa pikapu huku tukimfungia mchungaji. Sitaki iwe hivyo, na ningependa jambo hilo lizungumzwe dagashida kabla ya mwindaji wa kwanza kulipa. Wazee wetu walijua kutofautisha. Wakati wa kutaga, mtoto aliyeleta mayai ya kanga nyumbani kwetu alirudishwa nayo akayaweke alipoyatoa, usiku, na kaka yake akashika taa. Kiangazi, aliyeleta kwale alisifiwa. Hapakuwa na karatasi, lakini msimu ulikuwepo na ulifuatwa.

Wengine wanahofu kwamba fedha zitaishia kwa mwenyekiti. Hofu hiyo ni ya haki. Nimeona mapato ya mnada yakipotea njiani. Ndiyo maana nasema sehemu kubwa ilipwe mkononi kwa mwenye majani, mbele ya mwindaji na mtendaji, siku hiyohiyo. Fedha ikishazunguka kwenye akaunti tatu haitarudi kwenye ngitili.

Kuhesabu ndege pia si kazi ya maprofesa peke yao. Kwale wanahesabika kwa masikio: simama mahali pamoja mapambazuko, siku ileile ya mwezi uleule kila mwaka, uhesabu madume yanayoita. Kanga wanahesabika wakienda kulala. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza, na shule za vijiji vyetu zingefurahia kazi ya namna hiyo kuliko mistari mingi tunayowakaririsha.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia mjomba simu kumjulia hali. Mvua za vuli zikikaribia ndipo wanapofunga majani, nikamwuliza kama mwaka huu pia anafunga yote. Akasema ya juu, kule kwenye luseni na mawe, atafunga. Ya chini, kwenye mbuga, kijana wake amepata mtu wa trekta na mbegu ya mpunga, watachimba majaruba. Ni kule chini ambako kanga hutaga, sote wawili tunajua, kwa hiyo hatukulitaja. Akaniuliza kama yule bwana wa kibali nimewahi kumwona tena mjini, na kama kuna mtu yeyote amepata jibu la yale majani. Nikamwambia bado, mjomba.

"Haya," akasema. "Trekta inakuja wiki ya pili ya Oktoba."